Jinsi ya Kupanga na Kutembea Njia za Mlimani na Pwani kwa Siku Moja: Mwongozo Kamili

Wanaoshindwa kumaliza njia ya mlimani au ya pwani mara nyingi hawashindwi na miguu, bali hushindwa na saa. Hufika kileleni mchana, wakati mawingu yamekwisha kufunika kila walichokwenda kukitazama, au huzunguka rasi asubuhi kwa furaha na kukuta, wakati wa kurudi, kwamba njia waliyopita imo chini ya maji. Mwongozo huu unahusu matembezi ya siku moja, ya kwenda na kurudi bila kulala njiani. Nusu ya kazi yake hufanyika mezani, kabla mtu hajafunga kamba za viatu, na nusu hiyo ndiyo ambayo wengi huiruka.

## Vifaa vinavyohitajika

- Ramani ya karatasi yenye mistari ya kontua (inayounganisha mahali penye mwinuko sawa), ndani ya mfuko usiopitisha maji, pamoja na dira.
- Simu iliyojaa chaji, yenye ramani ya eneo iliyokwisha kupakuliwa, na betri ya akiba ya kuichajia. Baridi humaliza chaji haraka, kwa hiyo simu ikae ndani ya nguo, karibu na mwili.
- Tochi ya kichwani, hata kama unatarajia kurudi mchana. Wanaokutwa na giza ni wale wale waliotarajia kurudi mchana.
- Filimbi.
- Maji ya kunywa, kwa makadirio ya nusu lita kwa kila saa ya kutembea, na zaidi ya hapo penye jua kali.
- Chakula kinacholika bila kupikwa, pamoja na akiba ya mlo mmoja ambao hutaugusa ila kwa dharura.
- Plasta, bandeji, dawa ya kusafishia kidonda na dawa zako binafsi.
- Kofia, miwani ya jua na mafuta ya kukinga ngozi. Mionzi ya jua inayounguza huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda, hata siku ambayo unahisi baridi.
- Jedwali la maji kupwa na kujaa la mahali unapokwenda, ikiwa njia yako inagusa pwani.
- Saa ya mkononi, kalamu na kipande cha karatasi.

Mavazi na viatu vinahitaji maelezo zaidi. Nguo zivaliwe kwa tabaka: nyepesi mwilini, ya joto juu yake, na koti la mvua la kuzuia upepo juu ya zote. Epuka nguo ya pamba kwenye tabaka la ndani, kwa sababu pamba ikilowa jasho hubaki na maji na kuuondolea joto mwili wako pale upepo wa kileleni unapoanza kuvuma. Sufu au kitambaa cha sintetiki hukauka upesi zaidi. Viatu viwe na soli yenye meno, viwe vimekwisha kuzoea miguu yako kwa matembezi kadhaa mafupi, na viwe na nafasi ya upana wa kidole mbele ya vidole. Kiatu kipya kilichonunuliwa kwa ajili ya safari ya kesho ni njia ya uhakika ya kupata malengelenge kabla ya kilomita ya tano.

## Hatua ya 1: Isome njia kwenye ramani, na uchague vituo vya kutazama

Tandaza ramani na ufuate njia kwa ncha ya kalamu tangu mwanzo hadi mwisho. Kwenye ramani ya kipimo cha 1:50,000, kila sentimita 2 ni kilomita 1 ardhini. Kwenye ramani ya 1:25,000, sentimita 4 ndizo kilomita 1. Andika urefu wa njia, kisha hesabu mistari ya kontua unayoivuka ukipanda na uzidishe kwa tofauti ya mwinuko kati ya mstari na mstari. Jumla hiyo ya kupanda ndiyo itakayokuchosha. Mistari ikikaribiana, mteremko ni mkali. Ikiachana, ardhi ni tambarare. Usisahau mabonde ya katikati, kwani mlima unaoshuka mita 150 kabla ya kupanda tena unakudai mita hizo kwenda na kurudi.

Baada ya hapo chagua vituo vitatu au vinne ambavyo ungependa kusimama na kutazama: maporomoko ya maji, ukingo unaotazama bonde, ncha ya rasi, vidimbwi vya maji ya chumvi kwenye miamba. Viandike, na kila kimoja ukipe dakika zake. Mtu asiyetenga muda wa kutazama hufanya moja kati ya mambo mawili, ama kupita mandhari yote akiwa ameinamia miguu yake, ama kusimama kila mahali mpaka siku imwishie.

Ukimaliza hatua hii uwe na mambo matatu kwenye karatasi: kilomita, mita za kupanda, na orodha fupi ya vituo. Aidha, tia alama mahali ambapo unaweza kuikatisha safari na kutoka kwa njia fupi.

## Hatua ya 2: Hesabu muda, kisha utafute saa ya kugeuka

Mwaka 1892 William Naismith, mpanda milima wa Uskoti, alitoa kanuni ambayo bado inatumika. Kwa vipimo vya sasa husema hivi: hesabu saa 1 kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Kanuni hiyo inamhusu mtu mwenye mazoezi ambaye hasimami. Wewe ongeza robo ya muda wote juu yake, halafu ongeza dakika za vituo vyako.

Tuchukue mfano wa njia ya kwenda na kurudi yenye kilomita 14 na mita 900 za kupanda, zote zikiwa upande wa kwenda. Kilomita 7 za kupanda huchukua dakika 84, na mita 900 huongeza dakika 90, jumla dakika 174. Ukiongeza robo unapata takriban dakika 218. Kurudi ni dakika 84 na robo yake, yaani dakika 105. Vituo vyako vinahitaji dakika 70, ambazo 50 ni za wakati wa kupanda na 20 za wakati wa kushuka. Safari nzima ni dakika 393, yaani kama saa sita na nusu.

Sasa hesabu kinyumenyume kutoka machweo. Kama jua linazama saa 12 na nusu jioni na unataka saa mbili za akiba, lazima uwe umemaliza saa 10 na nusu. Ondoa dakika 125 za kushuka pamoja na vituo vyake, na utapata saa 8 na dakika 25 mchana. Hiyo ndiyo saa ya kugeuka: ikifika, unageuka, uwe umefika kileleni au hujafika. Iandike kwa tarakimu kubwa juu ya karatasi yako.

Angalia kwamba saa ya kugeuka haipo katikati ya safari. Kosa ninaloliona mara nyingi zaidi ni la mtu anayegawa siku mara mbili, akidhani kushuka kutachukua muda sawa na kupanda, au, jambo lililo baya zaidi, akidhani kushuka ni kama bure. Mteremko wa wastani kweli huokoa muda, lakini ule unaozidi nyuzi 12 hivi huongeza takriban dakika 10 kwa kila mita 300 za kushuka, kwa kuwa kila hatua inahitaji uangalifu.

Kwa mfano huu, saa ya mwisho kabisa ya kuondoka ni saa 4 asubuhi. Usiichanganye na saa bora ya kuondoka. Ukianza saa 12 na nusu asubuhi utafika juu kama saa 5, mapema kuliko mawingu ya mchana, na saa ya kugeuka itakuwa bado mbali.

Onyo moja kuhusu machweo: karibu na ikweta jua huzama likishuka karibu wima, na giza huingia upesi. Aliyezoea majira ya kiangazi ya nchi za mbali kaskazini au kusini, ambako mwanga wa jioni hudumu muda mrefu, asilitegemee zoea hilo mahali pengine.

## Hatua ya 3: Isome bahari

Ruka hatua hii ikiwa njia yako ni ya mlimani tu. Ikiwa inapita ufukweni, chini ya magenge au kuzunguka rasi, hii ndiyo hatua muhimu kuliko zote, na ndiyo maana nitakaa hapa kwa muda.

Katika pwani nyingi za dunia maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili ndani ya takriban saa 24 na dakika 50. Kwa hiyo kutoka kupwa hadi kujaa ni zaidi kidogo ya saa 6, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50. Uliyepita jana saa 3 asubuhi bila kulowa, usidhani leo saa 3 ni ile ile.

Kinachowadanganya watu ni kwamba maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Mabaharia hutumia kanuni ya sehemu kumi na mbili: katika saa ya kwanza baada ya kupwa, maji hupanda sehemu 1 kati ya 12 za tofauti yote, saa ya pili sehemu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Chukua pwani ambayo tofauti kati ya kupwa na kujaa ni mita 3.6. Katika saa mbili za kwanza maji yatapanda sentimita 90 tu, na mtembezi atasema moyoni kwamba muda bado upo. Katika saa mbili zinazofuata yatapanda mita 1.8, nusu ya tofauti yote. Hapo ndipo watu huzingirwa.

Kanuni ya kupanga, basi, ni kutembea na maji yanayotoka, wala si yanayoingia. Anza saa mbili kabla ya kupwa, pita sehemu nyembamba kabla au wakati wa kupwa kwenyewe, na uwe umekwisha kurudi upande salama kabla ya saa ya pili ya kujaa kumalizika. Ikiwa muda huo hautoshi kwa umbali wako, chagua njia ya juu ya magenge au chagua siku nyingine.

Tazama pia mwezi. Siku chache za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu huleta bamvua, ambapo maji hupwa mbali zaidi na kujaa juu zaidi. Siku za nusu mwezi huleta maji mafu, yenye tofauti ndogo. Bamvua hufunua miamba na vidimbwi ambavyo siku nyingine huvioni, na kwa sababu hiyo ndiyo siku nzuri ya kutazama viumbe vya bahari, lakini maji yake hurudi kwa kasi zaidi. Tofauti hizi hubadilika sana kutoka pwani hadi pwani: sehemu kubwa ya Bahari ya Mediterania haina hata mita moja, ilhali katika ghuba ya Fundy nchini Kanada maji huweza kupanda karibu mita 16. Uzoefu wa pwani moja haukupi leseni ya pwani nyingine.

Mwisho, soma saa za jedwali kwa makini. Majedwali mengi huandika saa kwa mtindo wa 24, unaoanza kuhesabu usiku wa manane. Niliwahi kuona 07:10 kama saa ya kupwa, akili yangu ikaisoma kuwa saa 7 na dakika 10 mchana, na nikafika ufukweni mchana huo nikakuta mawimbi yanapiga ukuta wa genge mahali palipotakiwa kuwa na njia. Maji yalikuwa yamepwa saa 1 na dakika 10 asubuhi. Tangu siku hiyo huiandika kila saa ya jedwali upya kwa Kiswahili, nikitaja asubuhi, mchana au jioni. Kagua pia kama jedwali limehesabu mabadiliko ya saa ya kiangazi katika nchi zinazoyatumia, kwani mengine huyaacha kwa msomaji.

Jedwali ni utabiri. Upepo mkali unaovuma kutoka baharini na kushuka kwa mgandamizo wa hewa huweza kuyainua maji juu ya kiwango kilichoandikwa, hivyo siku ya dhoruba usiliamini.

## Hatua ya 4: Soma utabiri wa kilele, si wa bonde

Joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Bonde likiwa na nyuzi 24, kilele kilicho mita 1,500 juu yake kitakuwa na nyuzi 14 hivi, na upepo utakufanya uhisi baridi zaidi ya hapo. Tafuta utabiri unaotaja mwinuko unaokwenda, na uangalie upepo kwanza, kisha radi, kisha mvua. Wengi huanza na mvua, ilhali mvua ndogo isiyo na upepo huvumilika.

Kuna sababu ya asili inayofanya asubuhi iwe bora mlimani. Jua likipasha miteremko, hewa hupanda kutoka bondeni, hupoa kadiri inavyopanda, na unyevu wake hugeuka kuwa mawingu. Ndiyo maana kilele kilichokuwa wazi alfajiri huweza kufunikwa mchana na kunguruma radi alasiri.

Ukiona mmweko wa radi, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo na ugawe kwa 3, utapata umbali kwa kilomita. Sekunde zikiwa 30 au pungufu, shuka mara moja kutoka kwenye kilele na mgongo wa mlima, usijikinge chini ya mti uliosimama peke yake, na usirudi juu mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

## Hatua ya 5: Acha taarifa

Mwandikie mtu mmoja anayeaminika njia utakayopita, saa ya kuondoka, saa ya kurudi, na saa ambayo, usipopiga simu, yeye atoe taarifa kwa waokoaji. Ujumbe wa “naenda mlimani, tutaonana jioni” hausaidii, kwa kuwa hauwaambii waokoaji waanzie wapi.

## Hatua ya 6: Anza polepole kuliko unavyopenda

Nusu saa ya kwanza tembea kwa mwendo unaokuwezesha kuzungumza sentensi nzima bila kukata pumzi. Ukishindwa, punguza hatua badala ya kusimama mara kwa mara. Baada ya dakika 15 simama, vua tabaka moja la nguo kabla jasho halijalowesha zilizobaki, na kaza kamba za viatu upya. Kuanzia hapo pumzika dakika 5 hadi 10 kwa kila saa moja, unywe maji kidogo kidogo, na ule kabla ya kuhisi njaa.

Ukihisi joto au msuguano sehemu moja ya mguu, vua kiatu hapo hapo, kausha ngozi na ubandike plasta. Sehemu inayochoma ni lengelenge ambalo bado halijatokea. Dakika tatu za sasa zitakuokoa saa mbili za kuchechemea.

Kundi hutembea kwa mwendo wa aliye mzito kuliko wote, na yeye awekwe wa pili kutoka mbele. Walio mbele wasisimame kumsubiri na kisha kuondoka mara anapofika, kwa sababu hapo wao hupumzika na yeye hapumziki kamwe.

Kwenye ufuko tembea juu ya mchanga uliolowa na kushikana, kwani ule mkavu huumiza misuli ya nyuma ya miguu. Kwenye miamba, ogopa rangi: utando wa kijani na ule mweusi unaong'aa huteleza kama sabuni, wakati mwamba mkavu wenye magamba madogo yaliyogandamana hushika soli vizuri. Usiyape mawimbi mgongo, na usitembee ukingoni mwa genge, kwa maana udongo wa juu huweza kuwa umening'inia bila chochote chini yake.

Kila kituo kikifika, linganisha saa yako na karatasi. Ukiwa umechelewa kwa dakika 15 kwenye kituo cha kwanza, kuna uwezekano mkubwa utachelewa dakika 45 kileleni, na ni bora kufuta kituo kimoja sasa kuliko kukimbia baadaye.

## Hatua ya 7: Tazama kwa mpango

Mlimani, kitu cha kwanza cha kutazama ni mabadiliko ya mimea. Unapopanda, miti mirefu hupungua kimo, ndevu za kuvumwani huanza kuning'inia penye ukungu, kisha huja vichaka, majani mafupi, na mwishowe mwamba mtupu. Baridi na upepo ndivyo vinavyochora mipaka hiyo. Simama kwenye mpaka, ugeuke, na utazame ulikotoka. Mandhari iliyo nyuma yako hutaiona vizuri wakati wa kushuka, kwa kuwa macho yatakuwa miguuni.

Upeo wa macho nao huongezeka. Mtu aliyesimama ufukweni huona bahari hadi karibu kilomita 5 tu kabla haijajikunja chini ya upeo; juu ya genge la mita 100 huona kama kilomita 36; kwenye kilele cha mita 900 juu ya bahari, siku ya hewa safi, ni zaidi ya kilomita 100. Ndiyo maana kilele cha pwani, hata kiwe kifupi, kinastahili kupewa dakika nyingi kuliko kituo kingine chochote.

Asubuhi na mapema, mawingu yakiwa yametanda bondeni nawe ukiwa juu yake, lipe jua mgongo na utazame chini kwenye ukungu. Ukibahatika utaona kivuli chako kikubwa mno, kichwa chake kikiwa kimezungukwa na duara la rangi za upinde wa mvua. Jambo hilo limepewa jina la mlima Brocken wa Ujerumani, na kila mtembezi huona duara kwenye kichwa cha kivuli chake mwenyewe tu, hata mkisimama bega kwa bega.

Pwani, tafuta hadithi ya rasi. Mawimbi huishambulia kutoka pande zote mbili na kuchimba mapango kwenye nyufa zake. Mapango yakikutana huwa tao. Paa la tao likianguka hubaki mnara wa mwamba uliosimama peke yake majini. Ukiwa na subira utaziona hatua zote hizo kwenye ukanda mmoja wa magenge, ila zitazame kwa mbali, kwa sababu kusimama chini ya tao ni kusimama mahali ambapo hatua inayofuata ni kuanguka, hasa baada ya mvua kubwa.

Kwenye vidimbwi vya miamba, chuchumaa na utulie dakika mbili bila kutia kivuli majini. Kaa watatoka, samaki wadogo watasogea, na kile ulichodhani ni jiwe huenda kikawa kiti cha pweza. Ukigeuza jiwe, lirudishe lilivyokuwa, kwani wanaoishi chini yake hufa wakiachwa juani. Usitie mkono kwenye tundu usiloliona ndani.

Weka kengele ya simu kwa kila kituo. Ikilia, ondoka.

## Hatua ya 8: Saa ya kugeuka ikifika, geuka

Hatua hii ni fupi kuisoma na ngumu kuitenda, hasa kilele kikiwa kinaonekana. Mbali na saa, geuka pia radi ikianza, mmoja wenu akiumia, maji ya kunywa yakibaki chini ya nusu kabla ya kufika nusu ya njia, au njia ikipotea kwenye ukungu.

Kwa milima inayozidi mita 2,500, ongeza sababu nyingine. Kichwa kikiuma pamoja na kichefuchefu, uchovu usio wa kawaida au kizunguzungu, yachukulie hayo kuwa ugonjwa wa mwinuko mpaka ithibitike vinginevyo, na usipande zaidi. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kukosa pumzi hata akiwa amekaa, mshusheni mara moja, usiku au mchana, wala asiachwe ashuke peke yake. Nguvu za mwili hazimkingi mtu na ugonjwa huu; vijana wenye mazoezi huupata kama wengine, na mara nyingi wao ndio hupanda kwa haraka mno.

## Hatua ya 9: Shuka kana kwamba safari ndiyo inaanza

Kabla ya kushuka, kaza kamba za viatu juu ya kiwiko cha mguu ili vidole visigonge mbele. Piga hatua fupi, kunja magoti kidogo, na weka uzito juu ya miguu badala ya kuegemea nyuma, kwani anayeegemea nyuma huteleza. Fimbo mbili huyapunguzia magoti mzigo. Usifuate njia za mkato kati ya kona na kona, kwa kuwa huwa mifereji ya mmomonyoko na mawe yake hayashikani.

Ukifika, mjulishe uliyemwachia taarifa. Kisha andika kwenye ile karatasi saa halisi ulizotumia. Baada ya safari tatu utakuwa na kanuni yako mwenyewe, iliyo sahihi kuliko ya Naismith kwa miguu yako.

## Ukipotea au ukizingirwa na maji

Ukipotea, simama. Kaa chini, unywe maji, utafute kwenye ramani mahali pa mwisho ulipokuwa na hakika napo, na urudi hapo kama unaweza kuifuata njia uliyokuja nayo. Usifuate kijito kuteremka ukidhani kitakutoa, maana vijito vya mlimani hupita kwenye makorongo na maporomoko. Giza likikukuta mahali usipopajua, vaa nguo zote, kaa juu ya begi ili ardhi isikunyonye joto, na usubiri mapambazuko.

Ishara ya dharura ya milimani ni milio 6 ya filimbi ndani ya dakika moja, kisha kimya cha dakika moja, kisha milio 6 tena. Usiku tumia miali ya tochi kwa mpangilio huo huo. Anayejibu hutoa 3 kwa dakika. Endelea kuita hata baada ya kujibiwa, kwa sababu waokoaji huifuata sauti. Namba 112 hupokelewa kwenye mitandao ya simu ya nchi nyingi, lakini andika namba ya uokoaji ya eneo husika kabla ya kuondoka, na ujumbe mfupi mara nyingi hupita pale ambapo simu ya sauti inakatika.

Ukizingirwa na maji, usijaribu kuogelea kuzunguka rasi, na usipande genge linalomomonyoka. Tafuta mahali pa juu kuliko mstari wa magugu makavu na vijiti vilivyoachwa na maji ya jana, kwani mstari huo ndio alama ya kujaa, halafu ongeza mita kadhaa kwa ajili ya mawimbi. Omba msaada mapema, wakati bado kuna mwanga. Ikiwa mahali ulipo ni salama na pakavu, hesabu kwenye jedwali saa ya kujaa, kisha tarajia kusubiri baada yake kwa muda ule ule uliopita tangu maji yalipoifunika njia hadi yalipojaa. Ndipo njia itakapofunuka tena.